Hivi kutenganisha taka nyumbani hapa Dar kuna maana, au tunajichosha bure?

#1 mama_wa_segerea

Habari za jioni wakuu.

Nina jambo linanikera tangu Jumanne. Mwaka jana binti yangu alirudi shuleni na somo la mazingira, akatuweka nyumba nzima darasani. Ndoo ya maganda na makoko ya ugali, kiroba cha makopo ya maji na soda, boksi la chupa za vioo, na ndoo ya "nyinginezo", ambayo kwa nyumba yenye mtoto mchanga maana yake ni pampasi. Huu ni mwezi wa kumi tangu tuanze. Hata baba yake siku hizi hakosei ndoo.

Sasa Jumanne gari la taka limekuja nikiwa nyumbani, nikatoka mwenyewe. Kijana akachukua ndoo ya maganda, akamwaga. Akachukua kiroba cha makopo, akakirusha juu ya maganda yale yale. Pampasi juu yake. Nikamuuliza, mwanangu mbona unachanganya? Akanijibu, "Mama, zote ni taka." Akanirudishia ndoo, gari hilo.

Nalipa 5,000 kila mwezi na sijawahi kuruka. Nauliza kwa wanaojua: zikishafika huko mbele kuna mtu anazitenganisha, au nimwambie mtoto tuache?

#2 Kipisi

"Mama, zote ni taka." Huyu kijana ni mwanafalsafa, asichezewe. Naweka kambi hapa.

#3 Ngosha wa Mbezi

Acheni tu. Taka za Dar karibu zote safari yake ni moja, dampo la Pugu Kinyamwezi. Ukitenganisha, zinaungana huko huko. Wewe unawapangia funza vyumba.

#4 Dereva Mstaafu

Ngosha unasema usichokijua. Nimeendesha gari la taka miaka sita, Temeke kwanza halafu Ilala, kwa hiyo niwape picha ya ndani.

Kwenye gari kuna vijana wa chini wanaokusanya, na kuna mmoja au wawili wanakaa juu ya mzigo. Huyo wa juu hajapanda kupunga upepo. Ana kipande cha nondo kilichokunjwa ncha. Kiroba kikitua tu anakichana, makopo anayavuta upande wake, anayatia kwenye salfeti iliyofungwa kwenye bomba la gari. Maboksi anayakalia. Chuma, sufuria, waya wa shaba vinaingia chini ya miguu yake. Gari likimaliza mtaa ubavuni zinaning'inia salfeti tatu nne, umeshawahi kuziona. Zile hazifiki dampo. Zinashushwa kwa mnunuzi njiani, hela inagawanywa, na dereva ana fungu lake (nakiri).

Kwa hiyo mama, yule kijana alikirusha kwa mwenzake wa juu. Ulichokiona ni nusu ya kazi.

#5 mama_wa_segerea

Asante baba. Lakini kama ni hivyo si angekiweka tu pembeni kikiwa safi? Mbona akakitupa kwenye maji ya maganda?

#6 Dereva Mstaafu

Kwa sababu msimamizi anapita na pikipiki. Akiona mnachambua taka mtaani anawaka: mnachelewesha tripu. Kijana analipwa kwa siku, tajiri anahesabu tripu. Kuchambua kunafanyika gari likitembea, pale hakuna wa kulalamika.

#7 Mjumbe wa Shina

Wakuu, hapo kwenye tripu ndipo penye mzizi. Nilikuwa kwenye kamati ya mtaa wetu wakati mzabuni anaingia, nikaona hesabu zake.

Halmashauri inatoa zabuni kwa kata. Mkandarasi anakusanya taka, na kwa mitaa mingi ni yeye anayekusanya ada kwenye nyumba. Hapewi mshahara na manispaa, anakula alichokusanya. Sasa mtaa una nyumba mia tatu, wanaolipa bila kufukuzwa labda mia. Wengine geti halifunguliwi, wengine "mwenye nyumba hayupo", wengine wanachoma, wengine wanasubiri mvua. Dizeli ni ile ile, awe amelipwa na mia au mia tatu. Anachofanya ni kupunguza safari. Badala ya mara mbili kwa wiki anakuja mara moja, halafu wiki mbili, halafu watu wanasema "hatulipi, gari haliji". Ndipo mtaa unakwama.

Mtu wa namna hiyo umwambie alete gari la makopo na gari la maganda? Atakucheka.

#8 bint_Temeke

Kwetu hatumlipi mkandarasi mkononi tena, anakuja dada na kimashine anatoa risiti. Hela inaingia manispaa. Na gari bado linakuja linapojisikia. Kwa hiyo Mjumbe hoja yako ya ada haijibu kila kitu.

#9 Mjumbe wa Shina

Sijasema inajibu kila kitu, dada yangu. Nimesema nilichokiona mtaani kwetu.

#10 Kipisi

"Wengine wanasubiri mvua." Hapo Mjumbe umetuvua nguo watu wa Dar hadharani. Mvua ikianza saa nane usiku, saa nane na dakika tano unasikia mageti yanafunguliwa taratibu kama watu wanatoroka ndoa.

#11 Fundi Koki

@Kipisi na mimi ninayezibua mitaro naishi kwa hao hao 😂 Lakini si utani. Nilizibua kalavati moja bonde la Msimbazi, nikatoa godoro, pampasi zimevimba kama mito ya kulalia, na makopo ya maji yasiyo na idadi. Makopo hayazibi sana, yanaelea. Kinachoziba ni nguo na pampasi. Vikishika tope, maji yanapanda kwa watu.

#12 Wakili wa Mtaa

Kuna mtu ataulizia sheria, niseme mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imeweka jukumu la taka ngumu kwa serikali za mitaa, na kuzipunguza na kuzitenganisha kwenye chanzo kumo ndani. Halmashauri nazo zina sheria ndogo zao za ada na faini. Kwa hiyo binti wa mleta mada yuko upande wa sheria. Gari ndilo halipo.

Na kwa wanaoona taka ni jambo dogo: wakazi wa Tabata waliwahi kulishtaki Jiji Mahakama Kuu, kesi namba 29 ya 1988, kwa sababu ya dampo lililokuwa pale. Moshi, harufu, nzi, watoto wanakohoa. Walishinda. Jiji likarudi kuomba liongezewe muda wa kuendelea kumwaga, Jaji Lugakingira akakataa, akasema kuhatarisha maisha ya watu kunagusa haki ya kuishi, ibara ya 14 ya Katiba. Wanafunzi wa sheria wanaisoma mpaka leo.

#13 Ngosha wa Mbezi

Sawa wakili, walishinda, taka zikaenda wapi? Mtoni kwa Azizi Ali. Zimehamishwa kutoka pua ya mmoja kwenda ya mwingine.

#14 Mzee Kisutu

Ngosha, umeruka. Kati ya Tabata na Mtoni ilikuwepo Vingunguti. Mtoni ilikuja baadaye, ndipo Pugu Kinyamwezi. Mimi nilikuwa Vingunguti wakati ule, nyumba yetu ya pili kutoka bondeni. Jioni wali unapakuliwa, lazima mtu mmoja akae na ungo anapepea nzi, wengine wanakula. Kwa zamu. Mdogo wangu alikuwa anajifanya mgonjwa zamu yake ikifika.

Na jambo jingine vijana hamlijui. Kabla ya 1994 hapakuwa na mkandarasi mjini, Jiji lilizoa lenyewe kwa magari yake, na mengi yalikuwa yamelala gereji. Mwaka huo ndipo kazi ikaanza kupewa kampuni binafsi, katikati ya mji. Kwa hiyo anayesema "zamani Jiji lilikuwa safi" aseme zamani ipi.

#15 Ngosha wa Mbezi

Shikamoo mzee. Nimesahihishwa. Lakini hoja yangu ya pua inabaki.

#16 Mzee Kisutu

Marahaba. Inabaki, ndiyo.

#17 Nai_254

Majirani, niaje. Msidhani ni nyinyi pekee. Huku Nairobi sheria ya 2022 inasema wazi kila mtu atenganishe taka, zinazooza kando, zisizooza kando. Kwa ploti yetu keretaka (msimamizi wa nyumba) ameweka madramu mawili, moja ameandika MBOGA na lingine KAVU. Lori likija linameza yote mawili na kwenda jaa la Dandora, lenye lilitangazwa limejaa tangu 2001. Limejaa na bado linapokea, sijui ni miujiza gani.

Lakini mifuko ya plastiki tuliwashinda, sisi 2017 nyinyi 2019 😀

#18 Kipisi

@Nai_254 karibu jirani, ila hapo hujatushinda. Sisi baada ya 1 Juni 2019 mifuko ilikufa kweli, ikafufuka kwa jina la "vifungashio". Vile vya kufungia ubuyu na karanga, mtu akabebea nyanya. Mfuko haufi, unabadili jina.

#19 MbebaBoksi_HH

Wakuu salaam kutoka Hamburg, nimeisoma hii nikicheka peke yangu kwenye treni.

Huku nyumba yetu ina mapipa manne: bluu karatasi, njano plastiki na makopo ya bati, kijani mabaki ya chakula, jeusi yaliyobaki. Kila pipa na siku yake, kalenda imebandikwa mlangoni. Wiki yangu ya kwanza niliweka boksi la piza lenye mafuta kwenye bluu, bibi wa ghorofa ya chini akalitoa, akaliweka mlangoni kwangu. Hakugonga. Kaliweka tu.

Lakini makopo ya maji hayaendi kwenye pipa. Kila chupa unalipia amana ya senti 25 dukani, ukiirudisha kwenye mashine unapewa hela yako. Na nani anaziokota zilizotupwa? Wazee wenye vimikokoteni, stesheni, usiku. Kwa hiyo hata Ulaya pamoja na mapipa yote hayo, waokota makopo wapo.

#20 Ngosha wa Mbezi

Ilikuwa inangojwa kwa hamu post ya "huku Ulaya".

#21 MbebaBoksi_HH

Ngosha nimekusoma 😂 Ila kuna uhusiano wa kweli. Hamburg na Dar ni miji dada tangu 2010, na kile kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Kinondoni, kimetokana na uhusiano huo. Uwezo wake tani 50 kwa siku, taka za masokoni. Mabaki ya nyanya na majani ya mkungu wa ndizi yanageuka mbolea badala ya kwenda Pugu.

#22 mama_wa_segerea

Sasa hapo ndipo penye uchungu. Mimi niko Segerea, maganda yangu yanafikaje Mabwepande?

#23 Dereva Mstaafu

Hayafiki. Na mama, kwa dereva maganda ndiyo adui, siyo makopo. Zaidi ya nusu ya mzigo ni vitu vibichi: maganda, majani, vyakula. Masika gari linapanda uzito kwa maji tu, maji machafu yanadondoka barabarani, watu wanatutukana kwenye foleni. Halafu unafika dampo njia imekuwa matope, magari yamepanga mstari, la mbele limezama, mnasubiri greda. Siku nyingine nimelala kule. Gari likilala Pugu, mtaa wako kesho hauna gari. Ninyi mnasema "mkandarasi mwizi".

Aliyeko Bunju ndiye wa kuhurumiwa, gari lake linavuka jiji zima kwenda kumwaga.

#24 Mjumbe wa Shina

Mkuu wengine ni wezi kweli.

#25 Dereva Mstaafu

Wengine, ndiyo.

#26 Mzani wa Buguruni

Nanunua makopo, maboksi na chuma chakavu, mwaka wa tisa sasa. Niongeze upande wangu kwa sababu naona mnaongea kuhusu gari tu. Gari ni wa mwisho! Kabla ya gari kuna watu watatu wameshapita kwenye taka zako.

Wa kwanza ni dada wa kazi au mtoto wa jirani, anachagua chuma. Wa pili ni muokotaji, anapita saa kumi na moja alfajiri na salfeti begani, kabla ya jua na kabla ya mbwa kufungiwa. Wa tatu ni wa mkokoteni, anapiga kelele "vyuma chakavu, betri mbovu, friji mbovu". Ndipo gari.

Makopo kwa kilo nanunua 400 leo. Imeshawahi kufika zaidi, imeshawahi kushuka mpaka watu wakaacha kuokota. Bei ya mafuta ya dunia ikishuka plastiki mpya inakuwa rahisi, ya zamani nani anaitaka? China ilipofunga mlango kwa plastiki chakavu za nje mwanzoni mwa 2018 wengine tulikaa na mzigo uani miezi.

Na msidhani kilo ni kitu kidogo. Makopo ya nusu lita yanataka kama hamsini mpaka sitini kutimiza kilo moja. Ya lita moja na nusu, kama thelathini. Muokotaji anayeniletea kilo ishirini ameinama zaidi ya mara elfu moja.

Ushauri kwa mleta mada: mwaga maji yote, ponda kopo, kifuniko weka mbali. Kifuniko ni plastiki nyingine, sinunui pamoja. Kopo la mafuta ya kula linanichafulia mzigo wote. Lenye rangi bei yake ni ndogo kuliko jeupe.

#27 bint_Temeke

Kwa hiyo mimi ninayefunga vifuniko vizuri ili yasinuke nawatesa?

#28 Mzani wa Buguruni

Unatutesa dada, kwa upendo. Kopo lenye kifuniko lina hewa, halilaliki, salfeti inajaa upepo.

#29 Mwalimu Sayansi

Uzi mzuri. Mimi nadhani tatizo ni jina. Tukishakiita kitu "taka" kimekufa. Mama yangu kijijini hana taka. Maganda kwa mbuzi, majivu shambani, kopo la kilo moja ni kipimo cha mchele, debe ni mlango wa banda. Mjini hatuna mbuzi.

#30 Kipisi

Mwalimu, pampasi mama yako angempa nani?

#31 Mwalimu Sayansi

Sisi tulivaa nepi za kanga, zikafuliwa.

#32 Kipisi

Nani alifua? (Swali la mtihani.)

#33 Fundi Koki

Kuna anayejua kweli pampasi zinafanywaje? Naona kila mtu anazikwepa. Muokotaji hazitaki, mzani hauzitaki, mbuzi hazitaki.

#34 Mzee Kisutu

Nataka kumjibu Mwalimu kidogo. Ni kweli, lakini mbuzi tulikuwa nao Vingunguti pia, na walikufa kwa kula mifuko. Tulimpasua mmoja, tumboni kulikuwa na donge la nailoni kama mpira wa miguu.

#35 Ngosha wa Mbezi

Turudi kwenye mada. Mpaka sasa tuna Dereva anasema vijana wa gari wanachambua, Mzani anasema walishachambua wengine kabla, Mjumbe anasema ni hela, Wakili anasema ni sheria. Mleta mada, fanya utafiti mwenyewe. Wekea makopo yako alama.

#36 mama_wa_segerea

Ngosha umenipa wazo.

#37 mama_wa_segerea

Wakuu nimerudi, ni wiki mbili sasa. Majibu ndiyo haya.

Binti yangu alipaka makopo arobaini rangi ya kucha nyekundu, doa chini ya kila kopo. Tukayatoa kwenye kiroba usiku wa kuamkia Jumanne kama kawaida. Asubuhi gari likaja, kiroba kikachukuliwa, safari hii kijana akakiweka kwenye salfeti mbele yangu (nadhani alinikumbuka).

Jumatano tukaenda kwa jamaa wa mzani aliye karibu na stendi. Nikamwomba, akacheka, akaturuhusu kugeuza. Mtoto akapata manne yenye doa. Alivyoruka, utadhani amepata dhahabu.

Halafu tunarudi kwa miguu, njia ya nyuma ya uwanja, kwenye mtaro, binti akasema "Mama, ona." Kopo la doa jekundu. Moja. Limekaa juu ya maganda ya ndizi na kitenge kilichochanika.

#38 Dereva Mstaafu

Manne kwa mzani! Nilisema mimi.

#39 Mzani wa Buguruni

Mkuu usijipongeze. Kiroba kililala nje usiku kucha. Manne yale muokotaji wa alfajiri ndiye aliyeyabeba, na huyo ndiye humpelekea mzani wa karibu. Gari haliuzi karibu na mtaa, dereva unajua, msimamizi anawaona. Vijana wa gari wanashusha mbele kabisa.

#40 Dereva Mstaafu

Hapo... kuna ukweli. Lakini sisi tulikuwa tunashusha popote.

#41 Mjumbe wa Shina

Na la mtaroni? Hilo ni la mtu aliyetoa taka bila kulipa, akachukua kiroba cha mama kimsaidie kubeba zake. Naijua mitaa mimi.

#42 Nai_254

Au ni mbwa.

#43 bint_Temeke

Mama, arobaini toa matano. Thelathini na matano yako wapi?

#44 mama_wa_segerea

Sijui dada. Binti anataka Jumanne ijayo tupake ya bluu na tusiyalaze nje usiku, tumpe kijana mkononi. Baba yake amesema rangi ya kucha itamtia umaskini.

#45 Mzani wa Buguruni

Na mwambie apake kwenye kifuniko, siyo kwenye kopo. Kopo lenye rangi nalihesabu chafu.

#46 Kipisi

Kifuniko si ulisema hununui?

#47 Fundi Koki

Bado hakuna aliyenijibu la pampasi.